Meza ya Kiitaliano: Namna ya Kuagiza, Kula na Kupika kwa Utaratibu Wao

Mtu akisema jana alikula chakula cha Kiitaliano, Mwitaliano aliye karibu atamuuliza: cha wapi? Wala hafanyi ubishi. Italia imekuwa nchi moja tangu mwaka 1861 tu, na kabla ya hapo kila dola ndogo ilikuwa na mji wake mkuu, soko lake na jiko lake. Mpaka leo mtu wa Bologna na mtu wa Napoli wanaweza kukaa meza moja wakabishana mpaka kahawa inaletwa, kila mmoja akiamini kwamba kwa mwenzake hawajui kupika.

Mwongozo huu unakwenda kwa hatua, kuanzia kikombe cha asubuhi kule kwao hadi sufuria ya jikoni kwako. Nimetanguliza meza na kufuatisha jiko kwa sababu mapishi yenyewe si magumu. Mengi yana viungo vitatu au vinne. Kinachomkwaza mgeni ni utaratibu: kipi huliwa lini, kipi hufuata kipi, na kipi hakiwekwi pamoja na kipi. Ukishaushika, hata mapishi yanakuwa mepesi.

Hatua ya 1: Jua uko mji gani

Anza kwa kuigawa nchi, hata kama mgawo huu ni wa juujuu. Kaskazini, kwenye bonde la mto Po, kuna ng'ombe, mpunga na mahindi, kwa hiyo utakuta siagi, jibini, risotto, yaani wali mlaini wenye sosi, na polenta, uji mzito wa mahindi. Kusini kuna mizeituni na ngano ngumu. Huko ni mafuta ya zeituni, pasta kavu, nyanya, bilinganya na samaki. Mkoa wa Emilia-Romagna, uliko mji wa Bologna, ndio nyumbani kwa pasta mbichi ya mayai: tagliatelle, tortellini, lasagne.

Sisilia ina habari yake. Waarabu walikitawala kisiwa hicho kuanzia karne ya 9 hadi Wanormani walipokitwaa katika karne ya 11, na jiko lake bado limejaa malimau, lozi, bilinganya na vitu vitamu. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, aliyekuwa akimtumikia Mfalme Roger II mjini Palermo, aliandika kwamba huko Trabia, si mbali na Palermo, pasta ilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Marco Polo alirudi Venice kutoka Uchina mwaka 1295. Piga hesabu mwenyewe, kisha usimsadiki tena anayekwambia kuwa yeye ndiye aliyeileta pasta Italia. Na kule Trapani, magharibi mwa kisiwa, sahani ya heshima ni kuskusi ya samaki.

Kanuni ya kuagiza ni moja: agiza cha mji uliopo. Roma, kula pasta ya carbonara, amatriciana au cacio e pepe. Milano, risotto ya zafarani. Genova, pesto, sosi ya majani ya mrehani. Napoli, pizza, ambayo ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2017. Catania, pasta alla Norma, yaani ya bilinganya, nyanya na jibini ya ricotta iliyokaushwa kwa chumvi. Firenze, bistecca, pande la nyama ya ng'ombe lenye mfupa, linalookwa juu ya makaa na kuletwa likiwa jekundu ndani. Kama hupendi nyama ambayo haijaiva sana, usiagize halafu ukaomba irudishwe motoni. Mkahawa wenye menyu ya sahani zote hizi kwa pamoja, na picha zake zikiwa zimebandikwa mlangoni, upite tu.

Hatua ya 2: Kunywa kahawa umesimama

Kibao kilichoandikwa "bar" kisimtishe mtu asiyekunywa pombe. Bar ya Kiitaliano kwanza ni mkahawa: asubuhi watu wote wamo, bibi vizee, madereva, wanafunzi. Ingia, usalimie "buongiorno", kisha tazama wenzako wanafanyaje. Pengine, hasa kwenye vituo vya treni, unalipa kwanza kwenye kaunta ya fedha, unachukua risiti, unaiweka mbele ya mtengeneza kahawa ndipo unasema unachotaka. Kwingine unakunywa kwanza, unalipa ukitoka.

Ukiomba "un caffè" utaletewa kikombe kidogo cha kahawa kali, ya mafunda mawili matatu. Inywe hapohapo kaunta, umesimama. Ukikaa mezani bei hupanda, na kwenye viwanja vya watalii, kama ule wa San Marco kule Venice, hupanda kiasi cha kukufanya ujutie kiti. Ukiomba "latte" peke yake utaletewa glasi ya maziwa matupu, basi sema "caffellatte".

Cappuccino ni ya asubuhi, pamoja na cornetto, yaani ule mkate mtamu uliokunjwa mfano wa mwezi mchanga. Baada ya saa 5 hivi wenyewe hawainywi, na baada ya mlo ndiyo kabisa: wanaona maziwa mengi juu ya tumbo lililoshiba yanaharibu usagaji wa chakula. Hakuna atakayekukatalia. Mhudumu atakuletea, akijua fika kuwa wewe si wa hapo.

Hatua ya 3: Soma menyu kwa mpangilio wake

Chakula cha mchana huliwa kati ya saa 6 na nusu na saa 8 na nusu. Cha usiku huanza saa 1 na nusu au saa 2, na kusini hata saa 3. Katikati ya hapo majiko mengi hufungwa, na ukitokea saa 10 alasiri na njaa yako utaishia kwenye sandwichi za bar au pizza ya vipande.

Menyu ina vituo vitano. Antipasto ni vya kufungulia kinywa. Primo ni sahani ya wanga: pasta, risotto, gnocchi (vidonge laini vya viazi) au supu. Secondo ni nyama au samaki. Contorno ni mboga au saladi. Dolce ni kitamu cha mwisho, ndipo inapokuja kahawa, baada ya dolce na si pamoja nayo. Huhitaji kuagiza vyote. Siku ya kawaida wenyewe huchukua primo tu, au secondo na contorno. Lililo muhimu kwetu tuliozoea wali na mchuzi kwenye sahani moja ni kwamba pasta si kitoweleo wala haina kitoweleo. Inakuja peke yake, inaliwa, sahani inaondolewa, ndipo nyama inafika nayo ikiwa peke yake. Usipoagiza contorno, kipande chako cha nyama kitatua mbele yako kikiwa mkiwa. Ossobuco ya Milano ni ya pekee kwa kuwa mguu ule wa ndama huletwa pamoja na risotto ya zafarani, na Wamilano wenyewe hawaoni haja ya kujieleza.

Kwenye bili utaona "coperto". Ni malipo ya kukaa mezani na ya mkate, kwa kawaida yuro chache kwa kila mtu, na huandikwa kwenye menyu, kwa hiyo usidhani umeibiwa. Maji huuzwa kwa chupa. Utaulizwa unataka "naturale" au yenye gesi, "frizzante". Bahashishi si lazima, sarafu chache zinatosha. Na bili haiji mpaka uiombe: "il conto, per favore". Kumletea mteja bili kabla hajaiomba ni kama kumfukuza, hivyo usikae ukinung'unika kwamba umesahauliwa.

Kwa Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, maneno ya kuyatafuta kwenye menyu ni haya: maiale, prosciutto, pancetta, guanciale, speck, salsiccia, mortadella, cotechino. Lardo na strutto ni mafuta ya nguruwe, na strutto hujificha mahali usipotarajia, kwa mfano kwenye piadina, chapati ya Romagna. Ragù, sosi ya nyama, mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe na kutiwa mvinyo. Risotto nyingi huanzishwa kwa mvinyo mweupe. Kwenye vitamu, tiramisù nyingi hutiwa pombe kidogo. Panna cotta hugandishwa kwa jelatini. Hata jibini ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, jambo ambalo wengine hulijali na wengine hawalijali. Njia salama zaidi ni sahani za samaki za kusini, pasta ya nyanya, Norma, pizza Margherita au marinara. Uliza waziwazi: "C'è maiale?" Hawachukii kuulizwa.

Hatua ya 4: Mambo ya mezani, na sababu zake

Usikate spageti kwa kisu. Chukua nyuzi chache kwa ncha ya uma, zungusha ukiegemeza uma kwenye ukingo wa sahani, pandisha. Kijiko cha kusaidia huonekana ni cha watoto.

Usinyunyize jibini juu ya pasta ya samaki, kome au kamba. Hoja yao ni kwamba jibini iliyokomaa ina chumvi na harufu inayommeza samaki. Zipo sahani chache zinazokiuka hilo, lakini mpaka uzijue, ukifikiwa na bakuli la jibini ukiwa na pasta ya ngisi, lipishe kwa jirani.

Mkate hauliwi na pasta. Ni wanga juu ya wanga. Kazi yake inakuja mwishoni: unamega kipande na kufutia mchuzi uliobaki sahanini, tendo wanaloliita "fare la scarpetta". Kwenye hoteli ya kifahari huenda wasifanye. Nyumbani, mpishi hufurahi. Ukiwa Toscana mkate utauona hauna ladha. Hawajasahau chumvi, ndivyo wanavyouoka, kwa kuwa vyakula wanavyoulia, soseji na nyama zilizokaushwa, vina chumvi ya kutosha.

Pizza ni ya mtu mmoja, nzima. Napoli huikata kwa kisu na uma au huikunja mara mbili, iwe tabaka nne, na kuila mkononi. Kuagiza pizza moja kubwa ya watu wanne katika pizzeria ya Napoli kutamchanganya mhudumu.

Hatua ya 5: Ukialikwa nyumbani

Mwaliko wa maana ni wa Jumapili mchana. Usiende mikono mitupu: peleka trei ya keki ndogondogo kutoka duka la vitamu, zimefungwa kwa karatasi na kamba. Maua ni sawa, isipokuwa krisanthemu, ambayo kwao ni ya makaburini. Subiri wote wapakuliwe, mwenye nyumba aseme "buon appetito", ndipo ushike uma. Usijaze tumbo kwenye primo kwa sababu tu umependa; nyama bado, na atakayekubembeleza uongeze ni yuleyule atakayehuzunika ukishindwa kula secondo. Usitazame saa. Mlo wa Jumapili unaweza kumaliza alasiri yote.

Siku zina vyakula vyake. Roma wana desturi ya gnocchi Alhamisi, samaki Ijumaa na utumbo Jumamosi. Ya Ijumaa inatokana na Wakatoliki kuacha nyama siku hiyo. Mkesha wa Krismasi nao ni wa samaki. Usiku wa mwaka mpya huliwa dengu, ambazo umbo lake linawakumbusha sarafu, pamoja na cotechino, soseji nene ya nguruwe. Panettone ya Krismasi ni ya Milano, pandoro ni ya Verona, na ni vizuri kujua mwenyeji wako yuko upande upi kabla ya kununua. Pasaka ni mwanakondoo. Tarehe 15 Agosti, Ferragosto, usipange kula mahali bila kuweka nafasi mapema, maana nchi nzima iko mapumzikoni.

Hatua ya 6: Nunua vichache, vilivyo bora

Sasa tuingie jikoni kwako. Ukiwa Malindi au Watamu umerahisishiwa. Waitaliano walianza kuifahamu sehemu ile katika miaka ya 1960, wakati mhandisi wao Luigi Broglio alipoanzisha kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Malindi. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo mwaka 1967. Baadaye wakaja watalii na wakaazi, na leo wauzaji wengi wa ufukweni huzungumza Kiitaliano kuliko wasomi wengi wa Nairobi. Jibini, mafuta ya zeituni na gelato, aiskrimu yao, zipo. Kwingineko, tafuta duka kubwa.

Kwenye pasta kavu, geuza pakiti utafute neno "durum" au "grano duro". Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliagiza pasta kavu itengenezwe kwa ngano ngumu peke yake, na kuna sababu: ngano laini haina nguvu ya kuishikilia pasta, ndiyo maana spageti nyingine za bei rahisi hugeuka uji kabla hujachukua chujio. Nyanya za kopo nzima zilizomenywa ni bora kuliko zilizosagwa. Jibini nunua kipande, kikwaruze nyumbani. Ile ya unga ya kwenye kopo iache dukani. Mafuta ya zeituni yawe ya extra virgin, na usiyaogope kuyapikia.

Hatua ya 7: Chemsha pasta inavyotakiwa

Hapa ndipo wengi wanapopoteza sahani nzima, hivyo nenda polepole.

Kanuni ya zamani ni lita 1 ya maji, gramu 10 za chumvi, gramu 100 za pasta. Gramu 100 ni za mtu mmoja mwenye njaa. 80 zinatosha kama kuna sahani nyingine. Kwa watu wanne basi unahitaji sufuria ya lita 5 au zaidi. Maji yakitokota sana, tia chumvi, kisha pasta. Usitie mafuta: hayazuii chochote, isipokuwa yanaifanya sosi iteleze baadaye. Usivunje spageti, zisimamishe, zitalainika na kuzama zenyewe. Koroga dakika mbili za mwanzo, ndipo hushikana.

Soma dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, halafu anza kuonja dakika mbili kabla. Unatafuta pasta iliyoiva lakini yenye ukinzani kidogo katikati unapoitafuna. Ukiikata utaona kidoa cheupe kidogo katikati. Kabla ya kuchuja, chota kikombe kimoja cha yale maji. Yana chumvi na wanga, na ndiyo yatakayoifanya sosi iwe nzito na ing'ae. Kumwaga maji yote ni kumwaga nusu ya sosi.

Usiisuuze pasta kwa maji baridi. Ihamishie moja kwa moja kwenye kikaango chenye sosi moto, ongeza maji kidogo uliyochota, pindua kwa nguvu dakika moja mpaka mbili mpaka sosi iipake kila upande. Ule mtindo wa kuweka pasta nyeupe chini na kurundika sosi juu hutauona kwenye nyumba ya Mwitaliano. Pakua, mle mara moja. Watu waisubiri pasta mezani, si kinyume chake.

Hatua ya 8: Anza na sosi tatu

Ya kwanza ni kitunguu saumu, mafuta na pilipili, ambayo nyumba nyingi za kwetu zinaiweza leo usiku. Kwa gramu 400 za spageti, kata punje nne za kitunguu saumu vipande vyembamba, weka kwenye mafuta ya zeituni vijiko nane pamoja na pilipili kali moja iliyokaushwa, moto mdogo sana. Kikianza kupata rangi ya dhahabu, ondoa; kikifika rangi ya kahawia kimeshakuwa kichungu na lazima uanze upya. Tia pasta, maji yake, majani ya pasli yaliyokatwa. Haitiwi jibini.

Ya pili ni ya nyanya. Chagua kitunguu maji au kitunguu saumu, si vyote viwili. Kaanga taratibu kwenye mafuta, tia kopo moja la gramu 400 la nyanya ulizoziponda kwa mkono, chumvi, acha zichemke dakika 20 hadi 25 bila mfuniko. Nyanya za sokoni zikiwa na ukali, pika na nusu ya karoti kisha uitoe. Ni bora kuliko sukari. Zima moto, tia majani ya mrehani. Royco, binzari na pilipili manga nyingi viache vipumzike. Ukiviweka utapata mchuzi mzuri wa kwetu, lakini hilo ni pishi lingine.

Ya tatu ni carbonara ya Roma, sahani changa kuliko watu wanavyodhani; mapishi yake yaliyochapishwa hayavuki miaka ya 1950 kurudi nyuma. Haina krimu. Kwa watu wanne: gramu 400 za spageti, gramu 150 za guanciale, yaani shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, viini vinne vya mayai na yai moja zima, gramu 100 za pecorino romano, jibini ya kondoo, na pilipili manga ya kusaga papo hapo. Kaanga guanciale bila mafuta mpaka iwe kavu nje. Piga mayai na jibini mpaka iwe kama krimu nzito. Chuja pasta, ichanganye na mafuta ya guanciale, kisha ondoa kikaango motoni, usubiri nusu dakika, ndipo utie mayai na maji kidogo ya pasta ukipindua haraka. Ukitia mayai kikaango kikiwa motoni utakula spageti kwa mayai ya kukoroga. Asiyekula nguruwe anaweza kutumia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa na kufukizwa moshi, akiongeza kijiko cha mafuta. Inalika vizuri, ila mbele ya Mrumi usiitaje jina.

Hatua ya 9: Ragù ya Bologna, kwa siku isiyo na haraka

Bologna wanalichukulia jambo hili kisheria hasa. Tarehe 17 Oktoba 1982 Accademia Italiana della Cucina, chama cha kutunza mapishi ya Italia, iliweka pishi la ragù kwenye Chemba ya Biashara ya mji, na mwaka 2023 likawekwa jipya lililorekebishwa. Tagliatelle nazo zilishaandikishwa mwaka 1972: upana wake zikishaiva ni milimita 8, sawa na sehemu moja kati ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli wa mji huo. Mimi naona huo ni mzaha uliopigwa muhuri, lakini wanauheshimu.

Kwa watu wanne hadi sita: gramu 400 za nyama ya ng'ombe iliyosagwa kwa tundu kubwa, gramu 150 za pancetta mbichi, yaani nyama ya tumbo la nguruwe, nusu kitunguu, karoti moja, shina moja la selari, glasi ya mvinyo, gramu 200 za nyanya zilizochujwa, kijiko kimoja cha nyanya nzito ya kopo, supu ya nyama, na ukipenda glasi ya maziwa. Angalia nyanya zilivyo chache. Hii ni nyama iliyotiwa rangi na nyanya. Mchuzi wa nyanya wenye nyama ni kitu kingine. Kitunguu saumu hakimo, wala oregano.

Yeyusha pancetta iliyokatwakatwa kwa mafuta kidogo, tia mboga zilizokatwa ndogo mno, zilainike bila kuungua. Tia nyama, panua moto, uache mpaka maji yake yakauke na uanze kusikia inachachatika. Hapo ndipo ladha inapotoka, kwa hiyo usikimbilie kumimina nyanya. Tia mvinyo, ukauke. Asiyetumia mvinyo atie supu na kijiko cha siki mwishoni. Kisha nyanya, supu kidogo, moto mdogo kabisa, mfuniko nusu wazi, kwa muda wa saa mbili hadi tatu, ukiongeza supu kila inapokauka. Maziwa hutiwa polepole wakati inaendelea kuchemka. Bila nguruwe, ongeza nyama ya ng'ombe yenye mafuta na kipande cha siagi.

Changanya na tagliatelle za mayai. Spageti kavu ni laini nje na nyama hubaki chini ya sahani. Tagliatelle zina uso wa kukwaruza unaoikamata.

Hatua ya 10: Polenta, kwa unga ulio nao

Hii naiweka ya mwisho ingawa kwa mtu wa kwetu ingeweza kuwa ya kwanza. Mahindi yalifika Ulaya kutoka bara la Amerika na yakawa chakula cha maskini wa kaskazini, mpaka watu wa kusini wakawabandika jina la utani la "polentoni". Ila katika karne za 18 na 19 vijiji vya Veneto na Lombardia viliteswa na pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili, kwa kuwa watu walikula polenta bila karibu kitu kingine. Niasini ya mahindi, vitamini inayozuia pelagra, imefungwa, na mwili hauipati ila mahindi yakichemshwa kwa chokaa, kama walivyofanya wenyeji wa Mexico. Mbegu ilivuka bahari, ujuzi huo ukabaki nyuma.

Tumia unga wa mahindi wenye chenga. Sembe laini hufanya kitu cha kunata. Rangi si neno: tumezoea kuiona polenta ya njano, lakini Veneto wana polenta nyeupe wanayoila na samaki.

Chemsha lita 1 ya maji na gramu 10 za chumvi. Mwaga gramu 250 za unga kidogo kidogo ukikoroga kwa mchapo ili usishike madonge, kisha punguza moto na uchukue mwiko. Mazoea ya ugali yatakudanganya hapa, kwa kuwa mkono utataka kusonga na kuipua baada ya dakika kumi. Usisikilize. Polenta inabaki laini, inapikwa dakika 40 hadi 45, ukikoroga mara kwa mara na kuongeza maji moto ikikaza. Imeiva ikianza kuachana na kuta za sufuria na ladha ya unga mbichi imeisha. Tia siagi na jibini, au imwage juu ya ubao wa mbao, iache ipoe kidogo, uikate kwa uzi.

Huliwa na uyoga uliokaangwa, nyama iliyochemshwa polepole, jibini ya gorgonzola inayoyeyukia juu, au baccalà, samaki mkavu aliyelowekwa na kupikwa kwa maziwa kama wafanyavyo Vicenza.

Mabaki

Polenta ya jana ikate vipande vya unene wa kidole, kausha kwa kitambaa, kaanga kwenye siagi bila kuvigusa mpaka vijifungue vyenyewe kutoka kwenye kikaango. Pasta ya jana, hata ikiwa na sosi, ifanye kama Wanapoli: piga mayai manne kwa kila gramu 300 za pasta iliyopikwa, tia jibini na pilipili manga, changanya vyote, mwaga kwenye kikaango chenye mafuta na ukandamize. Moto mdogo dakika kumi, funika kwa sahani, geuza, dakika nane tena. Ikishapoa ikate pembetatu, uifunge kwenye karatasi. Napoli huibeba kwenda nayo ufukweni.